Kibao Chepesi

Mtu anayejua kupiga pasi huanza na kola. Halafu mabega, halafu mikono, na mgongo huja mwisho, maana mgongo ni uwanja mpana ambao hata mtoto anaweza kuuendesha. Ukimwona mtu anaanza na mgongo, jua huyo alijifunza kwa kuchungulia dirishani. Mvuke alianza na kola.

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini pale kwa dobi hapakuwa na aliyelikumbuka, na hata ukimwita nalo alichelewa kugeuka. Aliitwa Mvuke kwa sababu jioni alitoka mle ndani akifuka kama sufuria iliyofunuliwa, shati limemganda mgongoni, nyusi zimelowa. Chumba cha pasi kilikuwa na dirisha moja, nalo lilifunguka nusu. Pasi za umeme zilikuwapo kadhaa, nyepesi, nyaya zake zimefungwa utepe mweusi hapa na pale. Na ilikuwapo moja ya mkaa, ya chuma kitupu, nzito kama jiwe la kusagia. Wenzake waliikimbia hiyo. Mvuke aliipenda.

"Pasi nyepesi unaifanyia kazi wewe," alikuwa akiwaambia. "Pasi nzito inajifanyia yenyewe. Wewe unaionyesha njia tu."

Maneno hayo yalikuwa yake, hakufundishwa na mtu. Laiti angeyashika siku ile ilipotakiwa ayashike.

Kwa kuusukuma mzigo ule miaka nenda miaka rudi, mkono wake wa kulia ulinenepa ukaupita wa kushoto, mpaka fundi cherehani akawa anamkatia mikono ya shati kwa vipimo viwili. Watu walimtania kwamba ameazima mkono wa mtu mwingine na hataki kuurudisha. Lakini ng'ambo ya barabara, kwenye ukumbi wa wafanyakazi, ambako palikuwa na meza ya mpira wa meza yenye kiraka pembeni, mkono ule haukuwa mzaha. Mvuke alikwenda huko saa za mapumziko, bado anafuka. Wachezaji wengine huubembeleza mpira, wengine huukata chini uzunguke kinyumenyume, wengine husimama mbali na kungoja wewe ukosee. Mvuke hakuwa na subira hiyo. Kwake kila mpira ulikuwa kama kunyanzi kwenye shati, na kunyanzi dawa yake ni moja. Alisogea mpaka tumbo likagusa meza, akapiga. Mpira ukirudi, akapiga tena. Mara nyingi haukurudi.

Raketi aliyochezea aliipata palepale kazini, ndani ya begi la nguo ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Lilikaa, likakaa, tajiri wake akachoka nalo, akagawa vilivyomo. Wengine wakachukua mashati. Mvuke akachukua raketi. Raba zake mbili zilikuwa zimechakaa, amezibandika kwa gundi ya viraka vya baiskeli, lakini kibao chenyewe, yaani ule ubao ulio katikati ya raba, kilikuwa cha mbao ngumu yenye tabaka nyingi, kizito kidogo mbele. Siku moja alikiweka karibu na pasi, ncha ya chuma ikagusa mpini, ikaacha alama nyeusi kama ukucha. Basi kikawa chake kweli, kimepigwa chapa.

Nyumbani sasa. Mvuke na mkewe walikaa chumba cha uani, kwenye nyumba ya kaka yake mke. Mke alikuwa msusi, anasukia wateja hapo hapo uani, kigoda hiki cha kwake, kigoda kile cha mteja, vichana kwenye kopo. Kaka mtu alikuwa mkuu wa wasoma mita kwenye shirika la maji, na tena ndiye kepteni wa timu ya mpira wa meza ya shirika hilo. Mtaa mzima ulimwita Kepteni, hata wale wasiojua ni kepteni wa nini.

Kepteni hakupandisha sauti hata siku moja. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu watu wengi hudhani mtu mkali ni yule anayefoka. Yeye alisema polepole, anatabasamu, na neno lilipoingia uliliona limeshafika mfupani.

"Shemeji, umeamka?" alikuwa akiuliza asubuhi, Mvuke akiwa na ndoo bombani. "Oga, oga. Ila usijaze. Mita ni yangu, na wewe na mvuke mmeshazoeana, maji mengi ya nini?"

Au wageni wakija: "Huyu ni shemeji yangu. Dada yangu alikuwa na wachumba watatu, akachagua yule mwenye nguo safi. Hakuuliza nguo ni za nani."

Wageni wakacheka. Mvuke naye akacheka, maana ukikaa kwenye nyumba ya mtu, kicheko ndiyo kodi yako.

Ndipo ikatokea nafasi. Mchezaji mmoja wa timu ya shirika alistaafu akaenda zake, na shirika likatangaza kwamba atafutwe mwingine. Mashirika yana mtindo huo: ukichezea timu yao, wanakuajiri. Atakayechaguliwa angepewa kazi ya kusoma mita na, kubwa zaidi, angepewa nyumba kwenye makazi ya wafanyakazi, zile nyumba nyeupe zenye bustani ndogo mbele. Ukumbini watu hawakubishana. Walisema nafasi ina mwenyewe, na mwenyewe ni Mvuke.

Mkewe alipata habari, akavaa viatu, akaenda kuzichungulia zile nyumba kupitia seng'enge. Alirudi amechagua dirisha.

"Lile la pembeni," alimwambia mumewe. "Jua la asubuhi linaingia. Nitaweka pazia la maua madogo madogo, si makubwa, makubwa yanachosha."

"Bado sijachaguliwa."

"Mimi nachagua pazia, mwenzangu. Wewe shughulika na kuchaguliwa."

Hilo ndilo alilolitaka Mvuke. Mshahara ulikuwa jambo jema, lakini hamu yake hasa ilikuwa aamke asubuhi, ajaze ndoo hadi ukingoni, na asisikie sauti ya mtu nyuma yake.

Siku chache kabla ya majaribio, ambayo yalipangwa Jumamosi, Kepteni alivuka ua akaingia chumbani kwao. Si kawaida yake. Alikaa kwenye kitanda, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na mke alikuwa amekikalia.

"Shemeji, nasikia unakuja kutuonyesha kazi."

"Nitajaribu, shemeji."

"Lete nikione hicho unachopigia."

Mvuke akaitoa raketi mfukoni mwake. Kepteni akaipima mkononi. Akaitia sikioni, akaigonga kwa kifundo cha kidole pale kwenye ubao karibu na mpini. Kitu kikapita usoni mwake, kikarudi kilikotoka.

"Nani kakuuzia jiwe hili?"

"Nililipata kazini."

"Ndiyo maana. Sasa sikiliza. Wewe ni mshambuliaji, sivyo? Mshambuliaji anataka kibao chepesi. Lishike neno hilo. Chepesi. Pale kwetu hatuchezi na watu wa mapumziko ya chai."

"Nimekizoea, shemeji. Mchagua jembe si mkulima."

"Ndiyo maana wakulima wengine wanazikwa na majembe ya babu zao."

Mke akacheka kidogo, kisha akamgusa mumewe goti. "Msikilize kaka. Yeye ndiye kepteni wao. Kama yeye hajui, nani ajue?"

"Kesho twende kwa fundi," Kepteni akasema. "Nitakununulia mimi. Usikatae, ni zawadi. Na hili jiwe niachie, nitalitafutia kazi."

Lile neno la pasi nzito na pasi nyepesi lilimjia Mvuke hadi kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Aliona aibu kupeleka maneno ya kwa dobi mbele ya mtu wa shirika. Na tena anapewa, na aliyepewa hachagui. Akampa raketi yake.

Fundi mwenyewe alikuwa fundi viatu. Alikaa kwenye ujia mwembamba kati ya maduka mawili, harufu ya gundi inakupokea kabla hujamwona. Kubandika soli na kubandika raba kwake ilikuwa kazi moja, basi wachezaji wote wa mji ule walikwenda kwake, naye akawa ameanza kuweka sanduku la vibao vitupu kando ya viatu vya watu. Ni mtu aliyependa kuuliza. Alimtazama Mvuke mkono wa kulia, akatikisa kichwa kama mtu anayesifu ng'ombe.

"Unapiga au unazuia?"

"Napiga."

"Karibu na meza au mbali?"

"Nimeganda hapo hapo."

"Basi wewe nakujua. Wewe unataka kitu—"

"Fundi," Kepteni akamkata, sauti yake ya polepole. "Nimeshamwambia. Anataka chepesi."

Fundi akaweka chini kiatu alichokishika. Akamtazama Kepteni, akamtazama Mvuke.

"Chepesi cha mkono," akauliza, "au chepesi cha mpira?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, nao haukufunguliwa tena. Wepesi ni neno lenye nyumba mbili. Mara utalikuta kwenye mizani, linapima kitu kisicho na uzito. Mara utalikuta njiani, linakimbia: mwambie mtu ana miguu myepesi, hujasema miguu yake imekonda. Kibao chepesi cha mkono ni kile ambacho hukisikii ukikishika. Kibao chepesi cha mpira ni kile kinachoutupa mpira upesi kabla mwenzako hajapepesa, na hicho, mara nyingi, mkononi huwa ni kizito. Fundi alijua. Kepteni alijua. Katika watu watatu waliosimama pale, asiyejua alikuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa anakwenda kucheza.

Kuuliza si ujinga. Wote tumeambiwa hivyo tukiwa wadogo. Lakini Mvuke alimtazama Kepteni, na Kepteni alikuwa anatazama viatu vilivyoning'inia kana kwamba hajasikia kitu, na Mvuke akaiona tayari ile hadithi itakavyosimuliwa kwa wageni: shemeji yangu hajui hata kibao ni nini. Akakaza uso.

"Chepesi," akasema. "Chepesi tu."

"Umesikia mwenyewe," Kepteni akasema. "Lugha yetu ina maneno mangapi, fundi?"

Miguuni pa Kepteni palikuwa na begi la raketi za timu nzima, zimeletwa kubadilishwa raba. Fundi aliliangalia begi lile. Halafu akafungua sanduku, akatoa vibao viwili, akaviweka kwenye paja lake.

"Achague mwenyewe," akasema. Angalau hilo alilifanya.

Kimoja kilikuwa cha rangi ya asali iliyoungua. Fundi aliangusha mpira juu yake, kikalia ko, kikavu, mpira ukaruka hadi kifuani. Cha pili kilikuwa cheupe kama muhogo uliomenywa. Fundi akaangusha mpira, kikalia pu, mpira ukainuka nusu, ukajifikiria, ukarudi.

Masikio yake Mvuke yalisikia. Lakini masikio hayakuwa yameambiwa yatafute nini. Mkono ndio ulioambiwa. Akakishika cha kwanza, akakiweka chini. Akakishika cha pili, na kwa kweli kilikuwa kama hakipo, kama unyoya.

"Hiki ndicho chepesi."

"Una hakika, bwana?" fundi akauliza.

"Fundi," Kepteni akasema, "gundi yako inakauka."

Raba mpya zilitakiwa zibandikwe na zilale chini ya uzito ili zishike. Kepteni akasema kazi za timu zitangulie, ya shemeji yake ifuate, si vizuri watu waseme anapendelea. Kwa hiyo Mvuke akaambiwa raketi yake aifuate Jumamosi asubuhi, kabla ya majaribio. Alikubali. Siku zote hizo alikwenda kazini, akapiga pasi, na ukumbini hakukanyaga, maana hakuwa na cha kupigia. Alicheza hewani, mkono mtupu, kati ya shati na shati, mpaka tajiri wake akauliza kama anafukuza nzi.

Jumamosi ukumbi wa shirika ulijaa. Palikuwa na sakafu ya sementi iliyopakwa rangi ya kijani, na meza ambayo haikuwa na kiraka. Mkuu wa michezo alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, kakaa kiti cha mbele. Wagombea walibaki wawili: Mvuke, na dereva wa lori mmoja mnene, anayecheza kwa kukatakata mpira chini na kungoja. Utaratibu ulikuwa mwepesi: kila mmoja acheze na Kepteni, mama atazame, aamue. Mke wa Mvuke alikuja amesuka nywele zake mwenyewe, jambo ambalo wasusi hawapati nafasi nalo. Kwenye pochi yake alitia futi ya kupimia. Dereva akimaliza na mumewe akimaliza, aliwaza, nyumba ziko hapo nyuma tu, atapita kupima dirisha.

Dereva alicheza kwanza, akashindwa kwa heshima. Kepteni alikuwa anampa mipira mizuri.

Mvuke akasogea mezani mpaka tumbo likagusa. Mpira wa kwanza ukamjia juu, laini, mpira wa kumpa mtoto. Akaupiga kwa mkono wote ule. Mkono ulifika. Mpira haukufika. Ulitoka kwenye kibao kama mtu anayetoka kitandani, ukaangukia wavuni.

Watu wakadhani ni wasiwasi. Yeye pia alidhani hivyo. Akaupiga wa pili kwa nguvu zaidi. Ukavuka, lakini polepole, Kepteni akawa na muda wa kujipangusa kabla ya kuurudisha. Wa tatu akauinua zaidi, ukaenda nje. Kile kibao cheupe kilikuwa kinameza. Kila alichokipa kilikimeza, kikatema makombo. Na kadiri alivyopiga kwa nguvu ndivyo kilivyomeza zaidi, kwa sababu kibao cha namna ile ni cha watu wanaozuia. Kimetengenezwa kwa ajili ya kuua kasi. Alikuwa anashambulia kwa mto wa kulalia.

Kutoka upande wa pili ilikuja sauti nyingine. Ko. Ko. Kavu, fupi. Mvuke aliisikia, na kuna mahali kifuani mwake palipoijua kabla kichwa hakijaijua.

"Kepteni," mama mwenye miwani akasema katikati ya seti ya pili, "si ulisema huyu anashambulia?"

"Anashambulia, mama," Kepteni akajibu, akiokota mpira. "Anachokishambulia ndicho sikijui. Nadhani ni hewa. Ina makunyanzi."

Ukumbi ukacheka. Ilichekesha, huo ndio ukweli. Kepteni alikuwa na kipaji.

Ilipokwisha, na haikuchukua muda, wakapeana mikono juu ya wavu. Kepteni alihamishia raketi mkono wa kushoto ili atoe wa kulia. Mpini ukageuka. Mvuke akaona alama nyeusi kama ukucha.

"Hicho ni changu," akasema.

"Kilikuwa chako. Ulinipa. Nikakitia raba mpya, basi." Kepteni hakuuachia mkono wake. "Kibao kizuri sana, shemeji. Sijawahi kushika chepesi kama hiki."

"Hicho ni kizito. Wewe ulisema chepesi."

"Nilisema chepesi. Kinachokwenda upesi." Sasa alisema kwa sauti ya kutosha hadi mstari wa nyuma. "Wewe ulisikia cha kupima? Shemeji, kibao hakinunuliwi kama nyama. Fundi alikuuliza, mimi nilikuwepo. Cha mkono au cha mpira? Ukajibu mwenyewe, chepesi tu."

Kicheko cha mara hii kilikuwa kirefu, na katikati yake mtu mmoja kutoka nyuma akasema, "Mwepesi huyo, mwacheni," na jina likapatikana. Mama mwenye miwani aliandika jina la dereva. Mke wa Mvuke alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Walipotoka walipita nyuma ya zile nyumba nyeupe, kwa kuwa ndiyo njia, na hakugeuza shingo.

Sasa, jina baya huwa halilali. Jumatatu lilishafika kwa dobi kabla yake. "Mwepesi," wenzake wakamwambia, "leo chukua pasi ya umeme, ile ya mkaa itakuumiza." Wateja wakaulizia: ni yupi kati yenu aliyenunua kibao kwenye mizani? Tajiri wake, ambaye hakuwa mtu mbaya, naye akateleza: "Mwepesi, hebu njoo," kisha akajikohoza. Ukumbi wa ng'ambo ya barabara Mvuke akaacha kwenda. Saa za mapumziko alikaa kwenye rundo la mashuka machafu akiutazama mkono wake.

Uani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. "Mwepesi, umeamka?" Kepteni alimuuliza asubuhi, ndoo ikiwa bombani. "Ndoo umejaza nusu leo. Vizuri. Wepesi wepesi hivyo hivyo."

Mara moja Mvuke alijikaza, akamwomba. "Shemeji, nirudishie kile kibao."

"Kibao gani?"

"Changu."

"Ah, kile. Mimi nimerudia cha kwangu, kile kinakaa tu. Subiri nikitafutie kazi, si nilikuahidi?"

Mke hakumlaumu mumewe. Hakusema neno kuhusu dirisha. Futi aliirudisha kwenye kopo la vichana, akaendelea kusuka, na usoni hakukunja. Mvuke angependa amlaumu. Angejua pa kushika. Ule ukimya wake mpole alianza kuusikia kama kicheko kingine, cha chini zaidi, na hilo lilikuwa kosa lake yeye, kwa sababu haukuwa kicheko. Mwanamke alikuwa anamhurumia tu, na hakujua aiweke wapi huruma yake.

Siku moja akarudi mapema, mkaa ulikwisha. Mkewe alikuwa amechuchumaa mlangoni, anakata vitunguu, macho yanamtiririka. Kwenye sinia palikuwa na maganda. Kitunguu alikilaza juu ya kibao cha mviringo, kimelowa maji, kimejaa michirizi ya kisu huku na huku. Mpini ulikuwa umekatwa kwa msumeno, ukabaki kidole kimoja tu kwa ajili ya kushikia. Kwenye kile kidole palikuwa na nusu ya alama nyeusi.

Mkewe hakuwahi kukiona kitupu. Yeye alikijua kikiwa na raba, ndani ya mfuko.

"Umerudi," akasema, akijifuta kwa kiwiko. "Kaka kaniletea kibao. Nilikuwa nakatia kwenye sinia, kisu kinateleza. Hiki hakitelezi, mbao ngumu kwelikweli. Usiku nakiloweka, asubuhi hakina harufu."

Mvuke alikuwa anakitazama kile kidole cha mpini.

"Mwenzangu?"

"Kakupa lini?"

"Juzi. Alikikata mpini mwenyewe, akasema unazuia sufuria." Aliona uso wa mumewe, akadhani ni yale yale ya kazini, akataka kuyapunguza. Akatabasamu na machozi yake ya vitunguu. "Kizuri, usikione hivyo. Kwa kuosha ni chepesi."

Mkono ule ulioshindwa Jumamosi, mara hii haukushindwa. Alimpiga kibao cha shavu, kwa mkono wa kulia, ule wa pasi, kutoka karibu, kama alivyozoea mezani. Sinia ikapinduka. Vitunguu vikamwagika hadi kwenye kigoda cha mteja.

Hasira hasara, wanasema wazee, na hawakuendelea kusema hasara ni ya nani. Yule aliyestahili kupigwa alikuwa ndani ya nyumba kubwa, anakunywa chai. Aliyepigwa alikuwa amekaa chini, mkono shavuni, na machozi yake sasa hayakuwa ya vitunguu, ingawa usingeweza kuyatofautisha.

"Yeye ndiye aliyekudanganya," akasema. "Mimi nilikufanyia nini?"

Mvuke akauficha mkono nyuma ya mgongo.

Mke akainuka. Akaokota kopo la vichana, akachukua kigoda chake, cha mteja akakiacha, akavuka ua. Kepteni alikuwa ameshasimama mlangoni. Hakuuliza kitu. Alimtazama dada yake shavu, akampisha, akasema, "Ingia ndani, mdogo wangu, chumba chako kipo." Chumba kile alikuwa amekiweka hivyo hivyo, kitanda kimetandikwa, tangu siku alipoolewa. Hakuwahi kumpangisha mtu.

Halafu akamgeukia Mvuke, kule upande wa pili wa ua. Hakupandisha sauti.

"Shemeji," akasema, "kumbe chepesi unacho."

Akafunga mlango, taratibu, kama mtu anayefunga chumba alimolala mgonjwa.

Mvuke alibaki amesimama. Kisha akachuchumaa, akaokota vitunguu kimoja kimoja akavirudisha kwenye sinia, akaokota maganda, akafagia. Kibao kilikuwa kimeangukia chini ya kigoda cha mteja. Akakipangusa kwa shati lake. Akakitia sikioni, akakigonga kwa kifundo cha kidole, pale pale karibu na mpini, kama alivyoona wanaojua wakifanya.

Kilikuwa kimekunywa maji. Kikalia pu.